Siku Nyeupe za Mvuvi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu waumini, nawausia nyinyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah.

Wiki ijayo mwezi unapevuka. Sisi watu wa Ujiji twaijua maana yake. Usiku wa giza, taa zetu huwavuta dagaa wa Ziwa Tanganyika mpaka wavuni. Mbalamwezi ikitanda, taa hazina kazi tena, mitumbwi inalala mchangani. Hapo ndipo mji unapochangamka: vijana na mpira ufukweni, wazee na bao chini ya mwembe, watoto wakiogelea mpaka macho yanakuwa mekundu.

Hakuna ubaya. Mtume wetu alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha. Safari ya kwanza akashindwa, ya pili akashinda, akamtania kwamba wamelipana. Na mapumziko si uvivu. Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kama ziwa lapumzishwa, sembuse mja?

Lakini, ndugu zangu, chumo la giza tunalimaliza kwenye mwanga. Asubuhi mtu kagawiwa hesabu yake ya mtumbwi, adhuhuri yuko kwenye kibanda cha kubeti, mkeka mkononi. Mkewe yuko mwaloni, anageuza dagaa juani, viganja vimechubuka. Mwezi uliopita nilimwona mtoto amesimama mlangoni mwa kibanda kama hicho, kakumbatia mpira wa makaratasi. Baba hakuinua kichwa. Mtoto akaukalia ule mpira, akaegemea ukuta, usingizi ukamchukua. Kamari Allah ameitaja pamoja na ulevi katika Surat al-Maida, akatuamrisha tuiepuke. Yule mtoto alikuwa analipa deni la baba yake.

Sasa tazameni hekima ya Mola. Mtume ametuhimiza kufunga tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu, Ayyamul Bidh, siku nyeupe. Ndizo hizo hizo ambazo mitumbwi yetu imelala! Anayevuta wavu usiku kucha huenda saumu ikamwelemea. Siku hizo yuko nchi kavu, udhuru wake ni upi?

Basi wiki ijayo hesabu ianze kufika nyumbani. Tufunge siku hizo tatu, tufuturu na watu wetu. Adhana ikilia, kete zibaki mashimoni. Na baada ya Isha, mbalamwezi ikiwa juu ya ziwa, mchukue mwanao ufukweni, mcheze mpira mpaka achoke yeye.

Ewe Mola wetu, tubarikie giza letu tunapochuma, na mwanga wetu tunapopumzika. Warejeshe salama walioko majini. Amin.