Kiitikio Kwanza

Anayetunga wimbo kwa mara ya kwanza hufanya vyema kuanza na kiitikio, beti zifuate. Usukumani, ambako Nyegezi imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria kusini mwa jiji la Mwanza, mpangilio huo ni wa zamani. Katika kilimo cha pamoja manju huimba mstari, wenye majembe hujibu, na pigo la jembe ndilo linaloweka mwendo. Bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe mkononi, imetokana na kazi hiyo. Kiitikio kikiwa kirefu mlimaji hukosa pumzi. Kikiwa kigumu husahaulika kabla tuta halijaisha. Maneno manne au matano yanatosha, nayo yabebe jambo zima.

Jambo lenyewe liwe dogo. Wanaoanza hupenda kuimba mapenzi au maisha kwa jumla, mada ambazo hata mtunzi mzoefu hupotelea ndani yake. Nyegezi ina stendi ya mabasi, chuo cha uvuvi na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Ni mahali pa kuagana na kungojana. Mtu mmoja anayemngoja mwenzake stendini ni wimbo mzima. Tuseme ubeti umeanza hivi:

Nyegezi stendi, mizigo chini,
Ulisahau kurudi kwetu.

Kila mstari una mizani 10, tano kwa tano. Ila mizani peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hukwama. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Nye-GE-zi, STE-ndi, mi-ZI-go, CHI-ni. Mkazo huo uangukie pigo zito la muziki. Pigo likiangukia "zi" ya Nyegezi, msikilizaji atahisi kasoro hata kama hawezi kuieleza. Vivyo hivyo, "kwetu" ikibadilishwa kuwa "nyumbani", silabi moja inazidi na mwimbaji analazimika kuimeza. Dawa ni kuyatamka maneno kwa sauti huku kiganja kikipiga meza, tena na tena, kabla ya kutafuta tuni. Biti ya kupakua mtandaoni isubiri. Ikitangulia, mtunzi hujikuta anajaza nafasi tu.

Vina husaidia kumbukumbu, lakini kina cha kulazimisha huua maana. Afadhali "kwetu" isiyolingana na "chini" kuliko neno lililoitwa kwa ajili ya herufi zake za mwisho.

Tuni nayo haihitaji sauti nyingi za kupanda na kushuka. Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya wa Johannesburg, alitunga mwaka 1897 tuni ambayo Watanzania huiimba leo katika wimbo wa taifa, na mtoto wa darasa la kwanza huimudu. Simu hurekodi, lakini nota za solfa za wanakwaya, d r m kwenye daftari, zina faida yake: humlazimu mtunzi kujua alichoimba.

Kisha wimbo upelekwe kwa watu. Wachezaji wa ngoma za Kisukuma wamegawanyika Bagika na Bagalu, pande zilizotokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Kwa desturi ya mashindano yao, yanayofanyika baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Ni mtihani mkali, wenye haki kuliko sifa za marafiki. Anayeanza anaweza kuupata kwa kiwango kidogo: aimbe mbele ya watu wa nyumbani bila maelezo, asikilize kama kiitikio kinapoimbwa mara ya tatu kinapata mwitikiaji. Ubeti unaowafanya wachungulie simu zao ukatwe, hata kama ndio ulioandikwa kwa jasho zaidi.

Wimbo ukishapita mtihani huo, haki zake nazo zitunzwe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi hulindwa tangu inapotungwa, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, huongeza ushahidi. Makubaliano na prodyuza kuhusu mgawo yaandikwe kabla ya kuingia studio.