Mkataa Kwao na Daftari la Ubatizo

Waswahili husema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii imesemwa mara nyingi barazani na harusini hata makali yake yamefifia, na aghalabu hukusudiwa kumrudi kijana aliyekwenda ugenini akarudi anaona haya kuitwa kwa jina la kijiji chake. Lakini ikisemwa katika visiwa ambavyo soko lao la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, methali hiyo inabeba swali ambalo wasemaji wake hulipita bila ya kuligusa. Ikiwa anayekataa kwao ndiye mtumwa, basi yule aliyekuwa mtumwa kwelikweli, aliyetekwa bara angali mtoto, kwao ni wapi? Na mjukuu wake, akilikuta jina la babu huyo katika daftari ilhali nyumbani alihadithiwa habari nyingine, akiri lipi na akatae lipi?

Swali hili si la kubuni. Mtu anayetafuta asili yake huanza kwa wazee, na akiwa na bahati huwakuta wangali hai na kumbukumbu zao zimetulia. Hupewa majina matatu, pengine manne, kisha mzee hunyamaza au hubadilisha mazungumzo. Hapo ndipo mtafutaji huelekea kwenye maandishi, na katika Unguja maandishi ya namna hiyo si haba. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika kisiwani mwaka 1864, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa wavulana watano waliotekwa chomboni, ambao Sayyid Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba la Mbweni, ambalo baadaye likawa makazi ya watu waliokombolewa. Kiungani ikawa skuli ya wavulana. Na siku ya Krismasi ya 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, pale pale palipokuwa soko. Mapadri wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu nao, waliokwisha tua Unguja, walivuka mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Kote huko mtu alibatizwa, akaozwa, akazikwa, na kila mara padri alifungua kitabu akaandika.

Vitabu hivyo vina utaratibu wake. Katika daftari la ubatizo huandikwa tarehe, jina alilopewa mtu, majina ya wazazi, makazi, wasimamizi, na padri aliyebatiza. Katika parokia za Kikatoliki, kwa desturi iliyothibiti karne ya ishirini, ndoa huandikwa pembezoni mwa jina la ubatizo, hivyo mstari mmoja hufungua mlango wa mstari mwingine. Katika Nyaraka za Taifa kule Kilimani kuna maandishi ya serikali, yakiwamo ya watumwa walioachwa huru tangu zama za Balozi Rigby, ambaye mnamo 1860 aliwaacha huru maelfu waliokuwa mikononi mwa raia wa Kihindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza. Mtafutaji mwenye subira, ajuaye kusoma mwandiko wa wino uliopauka, anaweza kumfuata mtu mmoja kutoka daftari hadi daftari mpaka akamfikisha kaburini.

Furaha ya kulipata jina ni kubwa, na furaha hiyo ndiyo inayomfanya mtafutaji asahau kuuliza jina hilo lilitoka kwa nani. Miongoni mwa wale wavulana watano walikuwamo waliojulikana baadaye kwa majina ya John Swedi na George Farajallah. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akawa mwaka 1890 Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni hiyo. John, George na Cecil ni majina ya Kiingereza, na kila mtu anajua yaliingiaje. Lakini Majaliwa nalo ni neno la Kiswahili, na Farajallah ni la Kiarabu. Ni vigumu kuamini kwamba mama aliyejifungua mbali huko bara, asiyepata kuiona bahari, ndiye aliyeyachagua. Chini ya jina la kanisani kuna jina la pwani, na chini ya jina la pwani palikuwa na jina la kwanza, lile aliloitiwa chakula jioni, ambalo daftari halikuliuliza au liliuliza mtoto akiwa amekwisha kulisahau. Na safu ya wazazi, kwa mtoto wa namna hiyo, ingejazwa na nani?

Basi karatasi haisemi uongo, lakini huanza kusema katikati ya hadithi. Humwona mtu tangu siku alipomkuta mwenye kalamu. Na wapo wengi ambao mwenye kalamu hakuwakuta kabisa. Dikrii ya Aprili 1897 haikumwacha huru kila mtumwa wa Unguja na Pemba kwa siku moja. Ilimruhusu kwenda mahakamani kuudai uhuru wake, na bwana aliyethibitisha umiliki wake akalipwa fidia. Wengi hawakwenda. Walipatana na mabwana zao juu ya kazi na kipande cha ardhi, wakabaki pale pale, na uhuru wao haukupata kuandikwa popote. Masuria waliachwa nje ya dikrii hiyo mpaka 1909.

Wala si karatasi zote zilizoandikwa na mikono ya wengine tu. Katika sensa za 1924, 1931 na 1948 watu wa visiwa waliulizwa kabila lao wakajibu wenyewe, na majibu yakabadilika kutoka sensa hadi sensa: waliojiita Waswahili wakapungua sana, majina mengine yakaongezeka. Damu haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni hesabu ya jina lipi linampa mtu heshima na haki, na lipi linamnyima. Anayesoma orodha hizo akidhani anasoma nasaba, anasoma zaidi matumaini na hofu za waliozijibu.

Ulimi wa nyumbani nao una desturi zake. Shajara nyingi za pwani hupanda kwa baba, kutoka mwana hadi mzee, na huwapita akina mama kana kwamba hawakuwapo. Kwa sheria, mtoto wa bwana aliyezaliwa na suria ni muungwana na hubeba nasaba ya baba yake kamili. Sheria hiyo ilikuwa na rehema kwa mtoto, lakini ilimfuta mama. Hata kasri halikuwa na hukumu nyingine. Sayyida Salma, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, hakuficha kwamba mama yake alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mdogo katika vita vya kwao. Jambo alilolieleza binti wa mfalme waziwazi ndilo linalonong'onwa mpaka leo katika nyumba za watu wa kawaida.

Kwa nini linanong'onwa? Hapa ndipo penye kiini cha swali. Utetezi wa ukimya hutolewa kwa neno zuri kuliko yote katika adabu ya pwani, nalo ni sitara. Mtu humsitiri mwenzake, na wazee wakamsitiri babu. Utetezi huu si wa kudharauliwa. Aliyetoka utumwani alikuwa na binti wa kuoza katika mji ambao mposaji akiulizwa kufu yake huulizwa babu yake. Alikuwa na ardhi aliyoishi kwa idhini, si kwa hati. Akajipa kabila, akajipa mji wa asili ng'ambo ya bahari, na watoto wake wakapata pa kusimama. Huo haukuwa uongo wa mtu anayeikimbia asili yake. Asili yake ilikwisha kuporwa, na alichojipa badala yake kilikuwa pengine kitu cha kwanza maishani mwake alichokichagua mwenyewe.

Lakini sitara hufunika aibu, na aibu ni ya aliyekosa. Aliyetekwa amekosa nini? Mjukuu anayeendelea kulifunika jambo hilo, hata kwa mapenzi, anakubali bila ya kusema kwamba doa lilikuwa juu ya mwili wa aliyefungwa mnyororo, si juu ya mkono wa aliyeufunga. Hakuna Mwislamu aonaye haya kumtaja Bilal bin Rabah, na kila amtajaye anajua alikuwa mtumwa wa nani na aliteswa vipi. Aibu ya habari ile imebaki kwa mtesaji. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 na wazazi wenye asili ya bara, jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake alikwisha kuwa Siti, jina la heshima alilolipata kwa sauti yake. Wapenda nyimbo na mashairi wanayajua majina yote mawili, na la kwanza halikulipunguzia hadhi la pili. James Mbotela wa Freretown, Mombasa, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alikiandika kisa cha watu wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na hakuona kwamba anamvunjia baba yake heshima.

Je, hii ina maana kwamba kila anayepata mstari katika daftari aupeleke sokoni? Hapana. Habari ya babu si mali ya mjukuu mmoja. Ni kama shamba la urithi lisilogawiwa, ambalo kila mrithi ana fungu ndani yake, na shangazi aliyeketi kimya kwenye mkeka huenda ana fungu kubwa kuliko mwenye karatasi. Babu alijibanza upenuni kwa sababu ya mvua. Mjukuu hana wajibu wa kubaki upenuni mvua ikiisha, ila anao wajibu wa kutazama kama imeisha kwa wote. Visiwa hivi viliwahi kuona, katika siasa zilizotangulia Januari 1964 na katika damu iliyomwagika baadaye, jinsi swali la "wewe asili yako wapi" linavyoweza kugeuzwa panga. Zipo nyumba ambamo posa zingali zinarudishwa kwa swali hilo hilo. Kwa hiyo daftari lifunguliwe, lakini lisomwe kwanza nyumbani, kwa sauti ya chini, mbele ya wale ambao jina lile ni lao pia, nao wapewe nafasi ya kuyasema waliyoyanyamazia. Mara nyingi watakuwa wanayajua. Mara nyingi walikuwa wakingoja wa kuwauliza.

Hapo methali inaweza kurudi mahali pake. Mtoto aliyefikishwa Mkunazini hakukataa kwao. Kwao ndiko alikokataliwa kurudi. Aliyejificha kwa ajili ya binti zake naye hakukataa chochote alichokuwa nacho. Methali hiyo inamngoja mtu mwingine: aliyefika mwisho wa msako wake salama, mvua imekatika, karatasi iko mkononi na jina linasomeka, kisha akafunua ukurasa wa pili kutafuta babu aliye bora zaidi.