Je, Tutii Hata Tusipoelewa?



Liko swali moja ambalo watu wazima kanisani hulificha moyoni kwa kuona haya kuliuliza: Je, Mungu akituagiza jambo lisiloingia akilini, yatupasa kulitenda? Wengine hujibu upesi, "Naam, mtumishi hamhoji bwana wake." Wengine husema, "Mungu ametupa akili, naye hawezi kutuagiza tusilolielewa." Majibu yote mawili ni mepesi, na kila moja laweza kutupoteza njia. Kwa hiyo twapenda tulitazame jambo hili pamoja, polepole. Si swali la wanavyuoni peke yao. Kwa swali hili watu wamepata uzima, na kwa swali hili hili watu wamekufa.

Tufungue kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32. Habari ya Ibrahimu na Isaka twaifahamu sote, nayo tutaigusa huko mbele. Hii ya Yeremia husomwa mara chache, ingawa ni ya mambo tuyajuayo sana: shamba, fedha, hati na jamaa.

Ulikuwa mwaka wa 10 wa kutawala kwake Mfalme Sedekia, yaani yapata mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu na kujenga vilima vya udongo ili lizishinde kuta. Ndani ya mji mlikuwa na njaa na tauni. Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, kwa sababu alisema waziwazi kwamba mji utatekwa. Ndipo Mungu akamwambia kwamba Hanameli, mwana wa ami yake, atakuja kumwomba anunue shamba la ukoo lililoko Anathothi.

Hebu tuipige hesabu biashara hii. Anathothi ndiko alikozaliwa Yeremia, mwendo wa kama kilomita 5 kutoka Yerusalemu, na wakati ule adui alikuwa ameizunguka nchi hiyo yote. Mnunuzi yu kifungoni. Hana mke wala mtoto wa kumrithisha, maana Mungu alimkataza kuoa. Muuzaji ni mtu wa Anathothi, na watu wa Anathothi ndio waliokula njama za kumwua Yeremia, kama tusomavyo katika sura ya 11. Tena mnunuzi huyo huyo ndiye aliyehubiri miaka mingi kwamba watu wa nchi ile watachukuliwa uhamishoni. Ni nani kati yetu angetoa fedha yake? Mtu akinunua kiwanja ufukweni huku yeye mwenyewe anatangaza kwamba bahari itakimeza, jirani zake watasema amerukwa na akili.

Hata hivyo Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, uzito wa karibu gramu 200, akamlipa Hanameli. Lakini tusiishie hapo, tukasema tu kwamba alitii. Tutazame alivyotii, kwa maana humo ndimo lilimo fundisho letu.

Kwanza, hakuikimbilia sauti aliyoisikia. Alingoja. Hanameli alipofika kwa miguu yake mwenyewe na kusema jambo lile lile, ndipo Yeremia, kama aelezavyo katika aya ya 8, alipojua kwamba neno lilikuwa limetoka kwa Bwana. Huyu ni nabii aliyekuwa amelitumikia neno la Mungu kwa miaka ipatayo 40. Ikiwa yeye alingoja jambo lithibitike, sisi tu nani hata tuamke na ndoto moja asubuhi, na kabla ya adhuhuri tumekwisha kuuza ng'ombe?

Pili, alitenda mchana, mbele ya watu. Fedha ilipimwa kwa mizani. Hati ziliandikwa mbili, moja ikatiwa muhuri na moja ikaachwa wazi. Mashahidi walitia mikono yao. Kisha Baruku, mwandishi wake, akaamriwa mbele ya wote azitie hati hizo katika mtungi wa udongo zipate kukaa siku nyingi. Agizo lilikuwa gumu kueleweka, lakini utekelezaji wake haukuwa na giza lolote. Wala halikupingana na yale Mungu aliyokwisha kuyasema, kwa kuwa sheria katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, iliwataka jamaa wakomboe ardhi ya ndugu yao aliyepungukiwa.

Tatu, gharama ilimwangukia yeye mwenyewe. Fedha ilikuwa yake, na kama watu walicheka, walimcheka yeye. Hapakuwa na mjane aliyenyang'anywa, wala mtoto aliyelala njaa, ili Yeremia aonekane ana imani.

Nne, aliuliza. Hati zilipokwisha kukabidhiwa, nabii alisali sala ndefu. Alianza kwa kumsifu Mungu asiyeshindwa na jambo, lakini alimalizia karibu na kunung'unika: vilima vya adui hivi hapa, mji umekwisha kutolewa, nawe waniambia ninunue shamba! Na Mungu hakumkemea. Alimjibu. Alimwambia kwamba baada ya adhabu watu watarudi, na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Basi kutii bila kuelewa si kuzima taa ya akili na kutembea gizani. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtoto mwenye homa hupewa na mama yake dawa chungu. Haelewi kwa nini jambo chungu namna ile liwe jema, lakini hunywa. Hunywa kwa sababu ya mkono unaomnywesha, maana mkono huo ameujua tangu kuzaliwa. Mtu asiyemjua akimletea njiani kikombe kilicho kichungu vivyo hivyo, mtoto mwenye akili atakimbia, na mama yake atamsifu kwa kukimbia. Imani yetu nayo ni hivyo. Hatutii kwa sababu agizo ni la ajabu, kana kwamba ajabu yenyewe ni dalili ya utakatifu. Twatii kwa sababu twamjua Yeye aagizaye. Na kama twamjua, basi twaweza pia kutambua sauti isiyo yake.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Watu waliaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Kabla ya hapo, mwezi Machi mwaka 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Hatuwataji marehemu hawa ili tuwalaumu. Wengi wao walikuwa watu wenye kiu ya Mungu kuliko sisi, waliotaka kumtii kwa mioyo yao yote. Hili ndilo la kututetemesha: kutaka kutii peke yake hakutoshi.

Tupime mambo yale kwa habari ya Yeremia. Badala ya mchana na mashahidi, palikuwa na msitu mbali na jirani. Badala ya ruhusa ya kuuliza, swali lilihesabiwa kuwa uasi. Na gharama haikumwangukia kwanza aliyetoa amri. Iliwaangukia watoto wachanga wasioweza kusema ndiyo wala hapana.

Tena tuangalie jambo hili vizuri. Katika sura ile ile ya 32, aya ya 35, Mungu anasema juu ya watu waliowateketeza watoto wao katika bonde la Hinomu kwamba hakuwaagiza, wala jambo hilo halikupata kuingia moyoni mwake. Sura moja ina mambo yote mawili: agizo la Mungu lisiloeleweka, na tendo la kutisha ambalo watu walilifanya wakidhani ni ibada. La kwanza ni kununua shamba wakati wa vita. La pili ni kuua watoto. Yeyote atakayetuambia kwamba Mungu ametaka la pili, hata akiwa na Biblia mkononi na machozi machoni, tumejibiwa zamani.

Mtu atauliza, "Na Ibrahimu je?" Hatutajifanya kwamba habari ile ni nyepesi. Wakristo wameshindana nayo kwa karne nyingi, na wengine huisoma kwa kutetemeka hata leo. Lakini tuisome mpaka mwisho. Inaishia kwa mkono uliozuiwa na kondoo dume aliyenaswa kichakani. Baadaye Torati ilikataza kabisa kutoa watoto kafara. Asemaye leo kwamba Mungu anamdai uhai wa mtoto wake amesoma nusu ya sura. Nasi tulio wa Agano Jipya twajua zaidi, kwamba Mungu hakudai mwana wa mtu, bali alimtoa wake.

Jambo lingine: agizo gumu alilopewa mtu mmoja si amri ya kuwatwisha wengine. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga uonevu na mauaji. Askofu Mkuu Janani Luwum hakukimbia, naye akauawa tarehe 16 ya mwezi huo. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alivuka mpaka na mkewe kwa miguu kuingia Rwanda, akalisemea kanisa lake akiwa uhamishoni, na baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979 akarudi kwao. Mmoja alibaki, mwingine akaenda. Hatuthubutu kusema kwamba mmoja alitii na mwingine akaasi. Kila mmoja alibeba agizo lake mwenyewe, wala hakumtwika mwenzake.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikuambia uache dawa zako za kisukari kwa kuwa umekwisha kupona kwa imani, muulize ni nani atakayezikwa iwapo amekosea. Akikuambia uuze kiwanja cha watoto ukalete fedha madhabahuni ili upate mara 100, tazama fedha hiyo inakwenda mfukoni mwa nani. Lete jambo hilo kwa kasisi wako, kwa wazee, kwa jamaa wakupendao. Neno la Mungu haliogopi mashahidi.

Lakini tusije tukajificha nyuma ya tahadhari hizi. Yako maagizo ya Mungu yasiyo na mashaka yoyote, wala hayahitaji ndoto, nayo bado hayaingii akilini mwetu. Kumsamehe ndugu aliyesogeza mpaka wa shamba. Kukataa kutoa mlungula ingawa tunajua kwamba faili letu litakaa chini ya mengine yote. Kumkopesha asiye na njia ya kulipa. Kusema kweli mbele ya baraza hata kama mshtakiwa ni wa ukoo wetu. Kumwosha na kumlisha mzazi ambaye hatukumbuki tena hata majina yetu. Kwa hesabu ya dunia yote haya ni hasara, ni sawa na kununua shamba lililo mikononi mwa adui. Hapa hatuwezi kusema, "Tungoje tuhakikishe kama ni sauti ya Mungu." Ni yake, twaijua tangu Katekisimu. Kinachotushinda hapa ni bei yake.

Na je, tutaiona faida? Pengine hatutaiona. Yeremia hakuilima Anathothi. Mji ulipoanguka, waliosalia walimchukua kwa nguvu mpaka Misri, na Biblia haitwambii kwamba alipata kurudi. Shekeli zake 17, kwa macho ya mtu, zilipotea. Lakini yapata mwaka 538 kabla ya Kristo, Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwaruhusu Wayahudi warudi kwao. Katika Ezra, sura ya 2, mna orodha ndefu ya waliorudi, ile ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu. Tusiiruke aya ya 23. Humo wamo watu wa Anathothi, nao hesabu yao ni 128.

Watu 128 walirudi kwenye ardhi ambayo mfungwa mmoja aliinunua wakati haikuwa na thamani ya senti moja. Hatujui kama kati yao alikuwako aliyelikumbuka jina lake. Hata hivyo walipata mahali pa kupanda, kama Mungu alivyosema.

Mungu atujalie akili ya kuipima kila sauti, na ujasiri wa kuitii iliyo yake kabla hatujaona mwisho wake. Na yale tusiyoyaelewa, tumwulize yeye mwenyewe, kwa maana hapendezwi na ukimya wa watumwa. Amina.