Hukumu ya Mzee: Miaka au Nguvu?

Ama baad. Huulizwa: mtu akifikilia miaka 90 au 100, je, jamaa zake wamwondolee kila kazi na kila shauri, au wamwachie aliwezalo? Suali hili si dogo, kwa kuwa aliye hai huweza kufanywa maiti kwa huruma.

Zitazame wilaya za Ngara na Biharamulo, huko bara katika mkoa wa Kagera. Wazee wengi wa huko hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Umri wao hukisiwa kwa mambo yaliyopita. Aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1939, sasa yu karibu na 100. Basi jamaa wasemao kuwa umri wake haumruhusu, huhukumu kwa hesabu wasiyoijua. Na katika mkoa huo, ambako UKIMWI ulitambuliwa mwaka 1983, wazazi wengi walipokufa ni mababu na mabibi waliolea mayatima, wakalima na kuwapikia.

Hata penye hesabu sahihi, miaka haitoshi kuwa hujja. Nchini Denmark, waliozaliwa mwaka 1905 walipimwa tangu mwaka 1998, wakafuatwa hata miaka 100. Walipokuwa na miaka 92, watu 39 katika kila mia walijitegemea. Walipofika 100, walikuwa 33 katika kila mia ya waliosalia. Si kwamba hawakuzeeka: wengi walipungua, lakini walio dhaifu zaidi walitangulia kufa.

Na sharia nayo haikuuliza miaka. Kwa Mashafi, awezaye kusimama katika sala husimama, asiyeweza hukaa, asiyeweza hulala ubavu, na madhali akili ipo, faradhi ipo, ijapo kwa ishara ya macho. Mzee aliyeshindwa na saumu hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Awezaye hufunga, ijapo ana miaka 100.

Akisema mtu, "Kumpumzisha mzazi ni wema," jawabu ni hili: kumpumzisha kwa ridhaa yake ni wema, kumnyang'anya jembe, ufunguo na shauri angali akiweza ni dhulma. Na kumtwika asiloweza ni dhulma vile vile.

Basi mwana na amuulize mzazi wake analoliweza leo, maana la leo si la jana. Akiweza, amwachie, akishindwa, amshike mkono. Wallahu aalam.