Ugonjwa Usiotajwa Jina

Mnamo mwaka 1962, Agnes Nixon, mwandishi wa Guiding Light, mchezo wa kuigiza uliokuwa ukionyeshwa mchana katika televisheni ya Marekani, alitaka mhusika wake Bert Bauer apatikane na saratani ya mji wa mimba, ili wanawake watazamao wahimizike kupimwa mapema. Rafiki yake alikuwa amekufa kwa saratani. Wenye kituo na wadhamini, ambao ni watengenezaji wa sabuni, waliridhia kwa sharti moja: maneno "saratani" na "mji wa mimba" yasitamkwe.

Ajabu ni kwamba katika michezo ya namna hiyo mume kumsaliti mkewe hakukufichwa. Ndiko kulikouza sabuni.

Je, onyo lisilotaja hatari ni onyo? Sisi walimu hufundisha kwamba tafsida ni adabu ya lugha, nami nimefundisha hivyo miaka mingi. Lakini humsitiri nani? Hapa hakusitiriwa mgonjwa, bali mfanyabiashara.

Hata hivyo, Nixon alilikubali sharti, akaandika. Simlaumu: aliyeelewa nusu akaenda kwa daktari alifaidika. Na yule ambaye hakuelewa, tumjibu nini?