Deni la Msanifu

Dawa ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Hawakutwambia alipeje yule aliyekopeshwa na watu wasioandikiana naye hati. Swali hilo humkabili kila kijana apelekwaye chuoni, na humkabili zaidi asomaye usanifu majengo. Shairi baya msomaji hulifunika akaenda zake. Nyumba mbaya ina watu ndani yake.

Maisha ya mwanafunzi huyo ni ya mkesha. Kwa miaka minne, mitano, kwengine hata sita, usiku humkuta mezani akichora na kukata kadibodi za mfano wa jengo. Kukipambazuka huitundika michoro ukutani mbele ya walimu, nao wakaihoji mstari kwa mstari. Hapo hujifunza kulitetea wazo lake, na kuliacha linaposhindwa. Mafunzo hayo ni mema. Ila chumbani mle wamo walimu na wanafunzi tu. Hayumo mtoto atakayeketi chini ya bati lile saa saba za mchana.

Diébédo Francis Kéré alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Kijiji hakikuwa na skuli, basi alipelekwa mjini angali mdogo, akasoma katika darasa lenye joto na msongamano. Amesimulia kwamba kila alipoaga baada ya likizo, wanawake wa kijiji walimpa sarafu yao ya mwisho, wakiitoa nguoni. Alipomuuliza mama yake sababu, alijibiwa kuwa huo ni mchango wao katika elimu yake, kwa kutaraji kwamba siku moja atarudi kuwafaa.

Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, akasoma skuli ya usiku, hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo. Hakungoja cheti. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha pamoja na wenziwe, na mwaka 2001 skuli ya msingi ya Gando ikasimama. Matofali yake ni ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati limeinuliwa juu ya dari kwa nondo ili hewa ya moto ipate njia ya kutoka. Watoto walibeba mawe, wanawake wakaleta maji. Alihitimu mwaka 2004, na mwaka huohuo skuli ile ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Hapa pana mwiba. Je, ni halali mwanafunzi kuwajengea maskini kwa elimu ambayo hajaikamilisha? Katika nchi nyingi hata mhitimu haitwi msanifu siku ya mahafali. Kwanza hutumika chini ya wakubwa wake, kisha akatahiniwa na bodi. Sharti hilo si urasimu mtupu. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka mjini Unguja na watu wawili wakapoteza maisha, kila mtu alikumbushwa kuwa ukuta hausamehe. Tuzo iliyokuja baadaye haiwezi kuwa hoja. Laiti paa lingeanguka, nia njema isingemfufua mtoto.

Yumkini jawabu limo katika namna kazi ilivyofanywa. Watu wa Gando waliutilia shaka udongo, kwani walizoea kuona mvua ikizila kuta zao. Kéré hakuwapita juu kwa elimu ya Berlin. Ilimbidi awathibitishie, nao walikuwa na uwezo wa kukataa. Paa lililotokeza nje likazikinga kuta. Mjenzi yule alijua kwamba atakapokosea atakutana uso kwa uso na wale waliompa sarafu. Cheti humhakikishia mteja kwamba msanifu anajua kazi; hakimfunzi msanifu amjibu nani. Yote mawili yanahitajika, na moja halilipi kwa ajili ya jengine.

Lakini je, ni haki kumfunga kijana kwa sarafu alizopewa utotoni? Mwengine atasema zawadi inayodaiwa haikuwa zawadi, naye atakuwa amesema kweli. Hapana mwenye haki ya kumnyima kijana kuchora maghorofa ya Dubai. Hata hivyo, kulipa si lazima kuwe kurudi kukaa kijijini. Ofisi ya Kéré imebaki Berlin, na mwaka 2021 kazi yake ilifika Kenya, kando ya Ziwa Turkana, kwenye kituo cha kuwafunza vijana teknolojia ya habari, chenye minara ya kupitishia hewa iliyofanana na vichuguu vya mchwa. Wale si watu wa Gando, ila joto lao ni lilelile, na swali lililoulizwa darasani Gando limejibiwa pale pia.

Basi kijana ajiandaaye kwa kazi hii na akusanye michoro yake bora, ajifunze programu za kompyuta, akae chini ya mkubwa wake, aukabili mtihani wa bodi. Pamoja na hayo, mbele ya kila ramani ajiulize: ni nani atakayekaa humu, na paa likivuja atamwendea nani? Asipojua jawabu, ramani ile bado haijakwisha.