Nani Amekutuma?

Katika korali ya shirika letu hapa Bunia walikuwako kijana mmoja na binti mmoja, wote wawili watu wa haya. Majina yao sitayataja. Wamekwisha kusumbuliwa vya kutosha. Kijana ni seremala, binti ni mshonaji. Kila Jumamosi baada ya mazoezi walitoka pamoja, kijana akiisukuma baiskeli yake, binti akitembea upande wa pili wa baiskeli ile, mpaka njia panda ya kwenda Nyakasanza. Hapo waliagana, kila mtu akashika njia yake. Miezi saba ilipita hivyo. Baiskeli ilikuwa nzima, nayo ingeweza kumfikisha kijana kwake upesi; lakini hakuipanda hata siku moja kabla ya njia panda.

Wenzao waliona, wakacheka, kisha wakachoka kungoja. Wakaanza kuwapangia viti. Halafu, katika karamu ya arusi moja, waliwasukuma wawili hao katikati ya wachezaji na kupiga vigelegele, hata binti akajifunika uso kwa kitambaa. Mwishoni rafiki mmoja wa kijana aliazima simu yake, akisema anataka kumpigia mama yake. Kumbe alimwandikia binti maneno ya mapenzi kwa jina la mwenye simu. Rafiki huyo si mtu mbaya. Kwenye msiba wowote utamwona akibeba viti kabla ya kuombwa. Basi, binti alijibu, kwa maneno machache ya heshima. Jibu lake lilisomwa na nusu ya korali kabla halijasomwa na yule aliyeandikiwa.

Jumamosi iliyofuata binti hakuja mazoezini.

Je, hao marafiki walikosa? Wao wanasema: “Tulitaka mema.” Nami nawasadiki. Kuna methali isemayo kwamba pilipili usiyoila haikuwashi, na watu wengi wangewajibu hivyo tu na kwenda zao. Lakini jibu hilo halitoshi kwa Mkristo. Kaini naye alidhani ndugu yake hamhusu. Sisi tumefundishwa kuchukuliana mizigo. Tena kijana mwenye haya kweli anaweza kuhitaji mtu wa kumsaidia kufungua kinywa. Kwa hiyo hatuulizi kama rafiki aweza kuingia katika jambo hili. Tunauliza anaingia kwa mlango gani.

Someni tena sura ya 24 ya kitabu cha Mwanzo. Abrahamu anamtuma mtumishi wake kumtafutia Isaka mke. Kabla hajaondoka mtumishi anauliza: Je, kama mwanamke hataki kunifuata? Abrahamu anamjibu kwamba hapo atakuwa amefunguliwa kiapo chake. Basi njia ya kukataa ilikuwa wazi tangu mwanzo, hata kabla ngamia hawajaondoka. Mtumishi anapofika kwa watu wa Rebeka anawekewa chakula, naye hali mpaka amekwisha kusema ni nani aliyemtuma na kwa sababu gani. Na wazee wakiisha kupatana, wanamwita msichana na kumwuliza yeye mwenyewe kama atakwenda na mtu huyu. Ngamia kumi, dhahabu, fedha, mapatano ya wakubwa, yote yapo. Hata hivyo jambo linangoja neno la msichana mmoja.

Mshenga wetu wa zamani alifanana na mtumishi huyo. Katika Ituri kijana hakwenda peke yake kwa wazazi wa binti. Wazee walitumwa, wakajulisha wametoka kwa nani, wakarudisha jibu, tamu au chungu. Sisemi kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Mabinti wangapi waliozwa bila kuulizwa! Lakini mshenga alikuwa ametumwa, na watu walijua. Yule rafiki wa simu alijituma mwenyewe, tena akavaa jina la mwingine.

Siku hizi wajumbe hao wamepungua, na sababu yake twaijua kwa uchungu. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mashambulio yaliyofuata vijijini, vimewaacha vijana wengi wa mji huu bila baba, au na shangazi aliye mbali kambini. Nani basi atawasemea? Marafiki wa korali wameshika nafasi ya wazee. Siwalaumu kwa kuishika. Ila nafasi hiyo ina adabu zake, na hakuna aliyewafundisha. Hata mimi sikuwafundisha.

Wengine watasema: “Wasiposukumwa, watazeeka wakisukuma baiskeli.” Huenda. Lakini miezi ile saba haikuwa mitupu. Mtu mwenye haya hupima neno lake kwa muda mrefu kwa sababu anataka liwe la kweli, na yule anayengojea humpima naye. Labda mmoja wao angegundua mwishoni kwamba hataki, akageuka polepole bila mtu kuumia. Marafiki walimnyima hata ruhusa hiyo. Haya ni kitu cha mtu mwenyewe, kama nguo aliyoivaa. Aibu hutiwa na wengine. Walikuta haya, wakaigeuza kuwa aibu.

Kanisa ni kali sana katika jambo hili. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya mwaka 1983 inaeleza kwamba ndoa hufanywa na kukubali kwa wale wawili, wala hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kukubali mahali pao. Askofu hawezi; Papa hawezi; basi mwimbaji wa sauti ya tatu ataweza? Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, mashahidi wanatakiwa wawepo arusini pamoja na padri. Nao wapo ili wasikie. Najua kwamba maneno ya njia panda si ndoa bado, lakini ni mbegu yake, na uongo uliotiwa katika mbegu hauwi kweli kwa sababu mwenye kuutia alicheka kwa upendo. Mtume Paulo amekataa kabisa tutende mabaya ili mema yapatikane.

Sasa lazima niseme sehemu yangu. Binti alipoacha korali, marafiki walinijia: “Mwalimu, tusaidie, wewe watakusikiliza.” Nami, niliyesoma miaka mingi seminarini, niliwaita wote wawili nyumbani kwangu siku moja, saa moja, na wale wenzao wakikaa penye mlango. Nikamwuliza kijana mbele ya wote: “Je, unampenda dada huyu, ndiyo au hapana?” Alitazama chini. Akasema: “Hapana.” Binti aliaga kwa adabu, akaondoka. Nilikuwa nimeuliza swali ambalo hakuna aliyenituma kuliuliza, na nilikuwa nimemfanya mtu aseme uongo ili ajifiche.

Majuma matatu baadaye yule rafiki wa simu alikuja kwangu usiku, hana usingizi. Tukaenda pamoja asubuhi kwenye karakana ya seremala. Alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Rafiki alimwambia: “Ni mimi niliyeandika.” Hakuacha kupiga randa. Nikamwambia: “Siku ile sikuwa na haki ya kukuuliza, na neno ulilojibu, mimi silihesabu. Unisamehe.” Hapo alisimama, akapuliza vumbi la mbao.

“Mwalimu,” alisema, “yeye anajua kwamba si mimi niliyeandika?”

Tukamjibu kwamba hajui bado, na kwamba tulikuwa njiani kwenda kumwambia.

“Basi, msiende. Nitamwambia mwenyewe.”

Tulirudi nyumbani. Kama amekwenda au hajakwenda, sijauliza.